Kiti cha Wadi: Mwongozo Kamili kwa Mwanamke Anayetaka Kuwa Mwakilishi Wadi Kenya

Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450, na kila wadi hutuma mtu mmoja katika bunge la kaunti. Mwaka 2013, wanawake walioshinda viti hivyo kwa kura walikuwa 82. Mwaka 2017 wakawa 96, na 2022 wakafika 115. Idadi inapanda, lakini 115 kati ya 1,450 ni karibu asilimia 8 tu. Ukiingia bunge la kaunti utawaona wanawake wengi kuliko hao, kwa sababu Kifungu cha 177 cha Katiba kinaamuru viti viongezwe hadi jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Wengi wao basi wameletwa na orodha za vyama, yaani majina ambayo chama hukabidhi kabla ya uchaguzi, bila kupigiwa kura na wadi. Wanaorudi nyumbani wakakuta watu wa wadi yao wanawasubiri langoni, watu wanaoweza kuwaondoa au kuwarudisha, bado ni wachache.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa miongoni mwa wachache hao. Nitaeleza pia habari ya orodha ya chama, kwa kuwa wengi huanzia huko, lakini lengo langu ni wadi. Na kuna jambo moja ambalo naomba ulishike tangu mwanzo. Wanawake wengi niliowaona wakikosa viti hivi hawakushindwa Agosti. Walishindwa Aprili, kwenye mchujo wa chama, yaani uteuzi wa ndani wa mgombea, na wengine walikuwa wameshindwa hata kabla ya hapo, siku waliyopitwa na tarehe ambayo hakuna aliyewaambia kwamba ipo.

Hatua ya kwanza: anza na kalenda, ukihesabu kurudi nyuma

Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao basi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Chukua daftari uandike tarehe hiyo chini kabisa ya ukurasa, kisha upande juu.

Miezi mitatu kabla, yaani mwanzoni mwa Mei 2027, anayetaka kuwa mgombea huru awe hayumo katika chama chochote. Hilo linatoka Kifungu cha 85 cha Katiba na halina msamaha. Kabla ya hapo ni Aprili, msimu wa michujo. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilivitaka vyama vimalize michujo yao kufikia tarehe 22 ya mwezi huo. Kabla ya mchujo kuna siku ambayo vyama hukabidhi orodha za wanachama, na mwaka 2022 ilikuwa Machi. Jina lako lisipokuwemo siku hiyo, huna tiketi ya kugombania. Panda tena hadi Februari 2027: mtumishi wa umma anayetaka kuwania lazima awe amejiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Sheria hii huwakuta wanawake wengi, kwa sababu walimu walioajiriwa na serikali na wauguzi wa hospitali za kaunti ni watumishi wa umma, na hao ndio mara nyingi wanawake wanaojulikana zaidi katika wadi. Uamuzi wa kuacha mshahara nusu mwaka kabla ya kura haufanywi usiku mmoja. Ufanye mapema, na ufanye pamoja na watu unaowalisha.

Tarehe kamili za michujo na za kuwasilisha karatasi hutangazwa na IEBC katika gazeti rasmi la serikali. Usingoje kuzisikia kwa jirani. Likitoka tangazo, lichape, ulibandike ukutani.

Masharti yenyewe si mengi. Uwe mpiga kura aliyesajiliwa, uwe raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi, usiwe umefilisika kisheria, usiwe unatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Kuna fomu ya uadilifu ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ya kujaza. Mwaka 2022 wagombea wa wadi hawakutakiwa kuwa na shahada, kwa hivyo anayekwambia kwamba bila digrii huwezi, muulize ni sheria gani.

Hatua ya pili: ijue kazi kabla ya kuiomba

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema mwakilishi wadi awe karibu na watu wake, apeleke maoni yao bungeni na kuwaletea habari za huko. Kinasema pia asijiingize katika kazi za utendaji. Maana yake hajengi barabara. Anapigania barabara iandikwe katika bajeti, halafu anafuatilia kama pesa zilitumika kwa barabara ile.

Zahanati, masoko, chekechea, barabara za mashinani, maji ya vijijini, kilimo na mifugo ni kazi za kaunti. Shule za msingi na sekondari na polisi ni za serikali kuu. Mgombea anayeahidi kuwafukuza polisi wabaya au kuajiri walimu wa sekondari ameahidi ambacho hakimo mikononi mwake, na mwaka wa pili watu watamwita mwongo.

Kwa maoni yangu, njia bora ya mwanamke kujijenga bila pesa nyingi imo ndani ya mwaka wa bajeti wa kaunti yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha unafika kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Sheria inalazimisha kaunti kuwasikiliza wananchi katika hatua hizi. Mikutano hiyo mara nyingi haina watu. Huhudhuriwa na wazee wachache, vijana wa mwakilishi aliyepo, na karani wa wadi anayeandika majina.

Nenda wewe. Nenda na akina mama watano wa kikundi chako, na daftari. Uliza zahanati ya kijiji fulani ilitengewa kiasi gani mwaka jana na kimetumika kiasi gani. Omba nakala ya bajeti kwa karani wa bunge la kaunti. Ni hati ya umma, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Baada ya mikutano minne au mitano utakuwa unaijua wadi kwa hesabu kuliko wapinzani wako wengi. Na watu watakuwa wamekuzoea ukisimama kuzungumza, jambo ambalo haliwezi kununuliwa Julai ya mwaka wa uchaguzi.

Hatua ya tatu: jibu swali la "wewe ni wa wapi"

Hili ndilo swali linalowachoma wanawake kuliko wanaume, na ndiyo maana nalipa nafasi kubwa. Mwanamke akitaka kiti kwao alikozaliwa, ataambiwa ameolewa, aende akaombe kwa mumewe. Akitaka kwa mumewe, ataambiwa ni mgeni, arudi kwao. Asiyeolewa ataulizwa atawezaje kuongoza wadi bila nyumba. Aliyeachika, ataulizwa kwa nini aliachika. Mjane ataulizwa mengine. Mwanamume haulizwi hata moja kati ya haya.

Sheria iko wazi upande wako. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hali ya ndoa. Lakini kifungu cha sheria hakimnyamazishi mzee aliyeketi chini ya mti. Kwa hivyo fanya yafuatayo.

Chagua wadi moja tu, na uchague mapema. Jisajili kama mpiga kura huko huko, kituo ambacho utapiga kura mbele ya watu. Usicheze na wadi mbili ukingoja kuona wapi pana nafasi, kwa maana hilo ndilo huthibitisha maneno yao kwamba huna kwenu.

Tayarisha jibu fupi, la sentensi mbili, ulitoe kwa sauti ile ile kila mara. Kwa mfano: "Nimeishi hapa miaka kumi na saba, watoto wangu wamezaliwa katika zahanati hii isiyo na dawa. Nataka kuzungumzia dawa." Usijitetee kwa dakika kumi. Kujitetea kwa muda mrefu huonyesha kwamba swali lilikuwa na haki ya kuulizwa.

Pande zote mbili za ukoo ziwe zimeonekana mapema. Shemeji mmoja anayesimama kwenye mkutano akisema "huyu ni wetu" anafanya kazi ambayo mabango mia hayawezi. Nenda ukazungumze nao kabla hujatangaza nia, si baada. Wazee wanaoulizwa mapema hujiona wameheshimiwa. Wanaosikia kwa redio hujiona wamedharauliwa, na hasira hiyo hurudi kwako siku ya mchujo.

Mahali ambapo koo huketi na kukubaliana nani asimame, wanawake wengi hukatwa ndani ya kikao ambacho hawakualikwa. Usidharau vikao hivyo, lakini usiviache viwe neno la mwisho. Sophia Abdi Noor alishinda ubunge wa Ijara, Garissa, mwaka 2017, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge katika ukanda wa Kaskazini Mashariki. Peris Tobiko alishinda Kajiado Mashariki mwaka 2013, mwanamke wa kwanza Mmaasai kuchaguliwa mbunge. Na kabla yao wote, mwaka 1965, Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu. Anayesema mila zetu hazijawahi kuona mwanamke akiongoza mji amesahau miaka mingi ya historia yake mwenyewe.

Hatua ya nne: pesa, na nyumba

Ada ya IEBC kwa mgombea wa wadi imekuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nusu yake, 2,500. Vyama vina ada zao za mchujo, ambazo ni kubwa zaidi, na vingi hupunguzia wanawake. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na ulipe kwa njia inayoacha risiti. Kamwe usimpe mtu pesa taslimu mkononi kwa sababu amesema anajuana na ofisi.

Gharama kubwa iko mahali pengine: usafiri, mafuta ya pikipiki, mabango, chakula cha wanaokufanyia kazi, na mawakala wa siku ya kura, watakaokulindia kura kituoni. Sheria ya Fedha za Kampeni ilipitishwa mwaka 2013, lakini viwango vya matumizi havikutekelezwa katika uchaguzi wa 2022, kwa hivyo mwenye nazo hutumia apendavyo. Wewe huwezi kushindana naye kwa noti. Usijaribu. Ukianza kugawa mia mia sokoni, utakuwa umeingia mchezo ambao yeye ana mfuko mkubwa kuliko wako, na umeingia pia katika kosa la hongo chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016.

Fanya bajeti ya miezi kumi na minane. Gawanya makundi matatu: kabla ya mchujo, mchujo, na baada ya mchujo. Weka theluthi moja pembeni kwa mawakala na usiiguse hata kama kampeni inalia. Changisha kwa watu wengi kiasi kidogo kidogo; fungua namba moja ya kupokelea, mweka hazina awe mtu mwingine, si wewe wala mumeo, na kila mwezi atume hesabu kwa waliochanga. Anayechanga mia mbili na kuonyeshwa zilivyotumika atakupigia debe bila kulipwa. Usichukue mkopo kwa dhamana ya shamba au nyumba. Nimeona familia zikibaki na deni kwa ajili ya kiti ambacho hakikupatikana, na mama ndiye huulizwa.

Kuhusu nyumba yenyewe, kaa chini na wote wanaoishi nawe mgawane kazi kwa majina: nani atapika, nani atampeleka mtoto kliniki, nani atakesha na mzee mgonjwa. Mikutano ya siasa huitwa usiku kwa sababu walioipanga hawana watoto wa kulaza. Omba ihamishiwe mchana, na mara nyingi utakuta wengine pia walikuwa wakitaka hivyo.

Hatua ya tano: chama, au huru?

Kwanza, hakikisha ni chama gani kinakuhesabu kuwa mwanachama. Ingia katika mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie jina lako. Wakenya wengi wamejikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Ukijikuta hivyo, jiondoe kwa maandishi na uhifadhi uthibitisho. Fanya hivyo mwaka mzima kabla ya mchujo.

Ukichagua chama, soma katiba yake na kanuni za uteuzi. Zitakwambia kama tiketi hutolewa kwa kura ya wanachama wote, kwa wajumbe, kwa maafikiano, au kwa mkono wa viongozi wa juu. Kura ya wanachama ni ghali lakini unaweza kuihesabu. Wajumbe ni wachache, kwa hivyo ni rahisi kuwafikia, na ni rahisi pia kununuliwa. Tiketi ya moja kwa moja humpendelea anayejulikana makao makuu. Maafikiano ndiyo hatari zaidi kwa mwanamke: utaitwa chumbani, utaambiwa wewe ni mama wa amani, umwachie kijana huyu, nasi tutakukumbuka kwenye orodha. Ahadi hiyo haina karatasi. Ukiamua kukubali, iandikwe, isainiwe na mwenye mamlaka, na nakala uondoke nayo.

Una silaha moja ambayo wanawake wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, asilimia 15 ya pesa za Hazina ya Vyama hugawanywa kulingana na idadi ya wagombea wa chama kutoka makundi maalum, wanawake wakiwemo, waliochaguliwa. Na angalau asilimia 30 ya pesa ambazo chama kinapata inapaswa kutumika kukuza uwakilishi wa makundi hayo. Nenda ofisi ya chama na hoja hiyo. Waambie: mkinipa tiketi ya wadi nikashinda, chama kinaingiza pesa. Hoja ya faida husikilizwa mahali ambapo hoja ya haki imechoka.

Ukitaka kuwa huru, utahitaji wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi wakuunge mkono. Kusanya 700 au zaidi, kwa kuwa majina mengine yatakataliwa. Uhuru huu una bei yake: huna jina la chama kwenye karatasi ya kura, na mahali ambapo chama kimoja kinatawala hisia za watu ni mlima mrefu. Lakini pia hudaiwi na mtu. Kawira Mwangaza alishinda ugavana wa Meru mwaka 2022 akiwa mgombea huru, na baadaye bunge la kaunti lililokuwa limejaa wajumbe wa vyama likapiga kura ya kumwondoa, na Seneti ikamwondoa. Funzo hilo lina pande mbili, na uzipime zote.

Jihadhari na mtego huu: kati ya mwisho wa mchujo na siku ya mwisho ya kuwa nje ya chama huwa kuna wiki chache tu. Anayengoja rufaa ya chama hadi dirisha lifungwe hubaki bila tiketi na bila uhuru.

Hatua ya sita: mchujo ndio uchaguzi

Katika sehemu nyingi za nchi, anayepata tiketi ya chama kikubwa cha eneo hilo amekwishapata kiti. Basi tumia nguvu zako hapo. Pata orodha ya wanachama wa wadi. Jua vituo vya mchujo viko wapi, na usikubali kituo kiwekwe nyumbani kwa mfuasi wa mpinzani au mahali ambapo akina mama wataogopa kufika jioni; lalamika kwa barua kabla ya siku hiyo. Weka mtu wako katika kila kituo. Piga picha ya karatasi ya matokeo ya kila kituo kabla haijaondoka.

Ukinyang'anywa, hatua ni tatu na zina mpangilio. Kwanza ni ngazi ya ndani ya chama. Peleka malalamiko siku hiyo hiyo au kesho yake, ukagongewe muhuri wa kupokelewa. Pili ni jopo la kutatua mizozo ya vyama vya siasa, ambalo litakuuliza kama ulijaribu ndani ya chama kwanza. Tatu ni Mahakama Kuu. Siku ni chache mno, kwa hivyo mtafute wakili kabla ya mchujo, hata kama ni kijana wa ukoo aliyemaliza masomo juzi. Yapo mashirika ya mawakili wanawake yanayosaidia. Wapigie simu Machi, usingoje hadi utakapokuwa unalia Aprili.

Hatua ya saba: matusi na vitisho

Mwanamume mgombea hushambuliwa kwa rekodi yake. Mwanamke hushambuliwa kwa mwili wake, ndoa yake na watoto wake. Picha bandia, hadithi za kitandani, simu za usiku, wahuni wa kukodiwa kuvuruga mkutano. Yatakuja. Jipange kama unavyojipangia mvua.

Teua mtu mmoja, si wewe, wa kusoma maoni ya mtandaoni na kuhifadhi kila tusi zito: picha ya skrini, jina la akaunti, tarehe, kiungo. Wewe usisome. Tishio la kudhuru liripotiwe polisi na uondoke na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Vituo vingi vina dawati la jinsia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inagusa udhalilishaji wa mtandaoni. Kanuni za maadili ya uchaguzi humfunga kila mgombea na chama, na IEBC ina kamati ya kuzisimamia. Malalamiko yenye ushahidi yanaweza kumletea mpinzani adhabu. Ukishambuliwa au msaidizi wako akishambuliwa kingono, namba ya bure ni 1195, na hospitali ndani ya saa 72 kabla ya lolote lingine.

Usitembee peke yako baada ya giza, usilale mahali pamoja kila usiku katika wiki ya mwisho ikiwa kuna tishio, na mtu wa ukoo ajue ratiba yako. Anayekuomba mwili kwa ajili ya tiketi, mwondokee na uandike tarehe, mahali na maneno. Huenda usiyatumie mwaka huu, lakini yahifadhi.

Hatua ya nane: kampeni, kisha siku ya kura

Nitakuwa mfupi kuhusu kampeni kwa sababu ukifanya hayo ya juu, imebaki miguu. Nyumba kwa nyumba hushinda mkutano wa hadhara kwa mgombea asiye na pesa. Gawanya wadi kwa vituo vya kupigia kura, kila kituo kina wapiga kura wasiozidi 700. Kila kituo kiwe na watu watatu wanaojua wapiga kura kwa majina. Usizungumze na wanawake peke yao kana kwamba wanaume si wapiga kura wako. Vijana wa bodaboda wafikie kwa hoja ya barabara na soko.

Siku ya kura jambo la maana ni wakala. Chama kinaruhusiwa wakala mmoja katika kila kituo kwa wagombea wake wote, na wakala huyo anaweza kuwa wa gavana kuliko wako. Waulize wenye chama mapema majina ya mawakala wa wadi yako. Pale ambapo chama hakijateua, sheria inakuruhusu kumteua wako. Mfunze wakala mambo matatu: asiondoke hata kula, achukue nakala ya Fomu 36A, na aipige picha na kuituma kabla ya kutoka. Fomu 36A ndiyo matokeo ya kituo kwa kiti cha wadi. 36B ni ya wadi nzima. Nakala ya 36A inapaswa kubandikwa kituoni. Wakala kukataa kusaini hakubatilishi matokeo, kwa hivyo kama kuna kasoro asisusie tu, aandike sababu.

Jumlisha 36A zako mwenyewe usiku huo. Zikitofautiana na 36B, una siku 28 baada ya matokeo kutangazwa kufungua kesi katika mahakama ya hakimu, na dhamana ya gharama kwa kiti cha wadi ni shilingi 100,000. Bila fomu hizo, kesi yako ni hadithi.

Orodha ya chama

Viti vya nyongeza hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi walivyoshinda katika kaunti hiyo. Orodha hufungwa na kukabidhiwa IEBC angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, na nafasi ya jina lako ndiyo kila kitu. Wa kumi na tano katika chama kitakachopata viti vinne hajawekwa popote. Ukiingia kwa njia hii, usikubali kuitwa mgeni wa bunge. Una kura sawa na yeyote. Lakini tumia miaka mitano hiyo kama maandalizi ya wadi: chagua wadi mwaka wa kwanza, fungua ofisi hata ya chumba kimoja, pigania miradi yake katika bajeti. Atakayekungoja mwaka wa tano huko mashinani hajali ulikaa kiti gani.

Baada ya kuapishwa

Omba kamati ya bajeti au ya hesabu za umma. Utapewa kwanza ile ya jinsia na utamaduni kana kwamba ni zawadi. Ichukue kama ya pili. Soma kanuni za kudumu za bunge hadi uzijue kwa namba, kwa sababu mwanamke anayekatizwa akizungumza bungeni hunusurika kwa hoja ya utaratibu.

Na kuna kazi moja ambayo waliochaguliwa 2027 wataikuta mlangoni. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka 2023 hadi 2027 utakuwa unaisha, na ule wa miaka mitano inayofuata utajadiliwa katika miezi yako ya kwanza. Sheria ya Serikali za Kaunti hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mipango hiyo. Zahanati isiyo na dawa, kisima, soko la akina mama lisilo na choo: kama havijaandikwa humo, utavipigia kelele hadi 2032 bila kupata shilingi. Nenda na lile daftari la mikutano ya bajeti, lenye majina ya vijiji na kiasi, siku ya kwanza ambayo kamati itaketi.